Kuonja Mvinyo kwa Wasindikaji Wadogo wa Dodoma: Mambo ya Kuzingatia kwa Mgeni

Mkoa wa Dodoma ndio kitovu cha kilimo cha zabibu nchini Tanzania. Sambamba na viwanda vikubwa vya mvinyo, mkoani humo wapo wasindikaji wadogo ambao shughuli zao huendeshwa na familia. Mume, mke na watoto waliokwisha kuwa watu wazima hugawana kazi za shamba, za matangi na za kufungasha chupa, mara nyingi katika jengo lililo hatua chache tu kutoka nyumbani wanakoishi.

Kuwatembelea wasindikaji hao na kuonja mvinyo wao mahali ulipotengenezwa ni aina ya utalii wa ndani inayoweza kumnufaisha mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Mgeni hupata elimu juu ya zao analolisikia mara kwa mara bila kulijua kwa undani, na mwenyeji hupata mnunuzi wa moja kwa moja. Makala haya yanaeleza asili ya zao hilo, sababu za ziara ya aina hii kuwa na uzito kwa kaya ya mkulima, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya safari.

Asili ya zabibu Dodoma

Zabibu si zao la asili la Dodoma. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kanisa Katoliki, waliohitaji divai kwa ajili ya ibada, na misheni ya Bihawana, iliyopo upande wa barabara ya kwenda Iringa, inatajwa kuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya kilimo hicho katika karne ya 20. Kutoka huko zao lilienea kwa wananchi wa vijiji jirani. Baadaye Serikali ilianzisha kiwanda cha mvinyo kilichojulikana kwa jina la DOWICO, na jina la Dodoma likaanza kusomeka katika vibandiko vya chupa.

Hali ya hewa ya Dodoma, inayoonekana kuwa ngumu kwa mazao mengi, ndiyo inayolifaa zao hili. Mji upo katika mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, kati ya mwezi Desemba na Aprili, na kipindi kirefu cha mwaka kilichobaki huwa kikavu chenye jua kali. Jua hilo huongeza sukari katika tunda, na ukavu hupunguza magonjwa ya ukungu ambayo hushambulia majani na vichane vya zabibu.

Utafiti wa zao hili hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kupitia kituo chake cha Makutupora, kilichopo kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Miongoni mwa aina za zabibu ambazo mgeni atazisikia zikitajwa na wenyeji ni Makutupora Nyekundu, iliyopewa jina la eneo hilo, Chenin Blanc, ambayo ni zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa, na Syrah, ambayo ni nyekundu na pia ina asili ya Ufaransa.

Mavuno mawili kwa mwaka

Katika nchi zenye majira ya baridi, mzabibu hupukutisha majani, hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeamua lini uanze upya, kwa kuupogoa. Baada ya kupogolewa, mzabibu huchipua, hutoa maua na kuivisha matunda katika muda wa takriban miezi minne. Kwa sababu hiyo Dodoma huvuna mara mbili: mavuno ya kwanza huwa kati ya Februari na Machi, na ya pili kati ya Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani. Yale ya Februari na Machi huangukia katika mvua, hivyo mkulima hulazimika kupambana na ukungu, hasa ubwiri, na zabibu zinaweza kuwa na maji mengi na sukari kidogo. Mavuno ya Agosti na Septemba hukomaa katika kiangazi, na zabibu zake kwa kawaida huwa na sukari ya kutosha na ladha iliyokolea. Mgeni akiuliza chupa anayoonja imetokana na mavuno yapi, atakuwa ameuliza swali ambalo msindikaji yeyote makini hulijibu kwa furaha.

Zabibu haimsubiri mnunuzi

Ili kuelewa umuhimu wa ziara hizi, ni lazima kuelewa tatizo la msingi la zao lenyewe. Mahindi, mtama na alizeti vikivunwa vinaweza kukaa ghalani hadi bei itakapopanda. Zabibu za mvinyo haziwezi. Zikishaiva, siku chache tu zikipita bila kuvunwa hunyauka, huliwa na ndege au huoza, na zikishakatwa zinapaswa kukamuliwa haraka. Mkulima asiye na mnunuzi kwa wakati huo hana nguvu ya kujadiliana bei. Suala la soko la zabibu limekuwa likijitokeza mara kwa mara kwa sababu hiyo, ikiwemo katika mijadala ya Bunge.

Kaya inayolima zabibu ina njia tatu za kuuza. Ya kwanza ni kuuza zabibu mbichi kwa kilo, njia ambayo haihitaji mtaji wa vifaa lakini humwacha mkulima chini ya shinikizo la muda. Ya pili ni kukamua na kuchachua, kisha kuuza kwa viwanda vikubwa kile ambacho wenyeji wa Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi uliotunzwa vizuri katika tangi lililofungwa unaweza kukaa kwa miezi kadhaa, hivyo mkulima hupata muda wa kutafuta bei. Ya tatu ni kukamilisha kazi yote: kuchuja, kujaza chupa, kuweka kizibo na kibandiko, na kuuza mvinyo kwa jina la kaya au kikundi.

Njia ya tatu ndiyo inayobakiza sehemu kubwa zaidi ya thamani mikononi mwa familia, lakini ndiyo yenye gharama nyingi kuliko zote. Chupa, vizibo, vibandiko, vipimo vya maabara, leseni na kodi hulipwa kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa. Kaya ndogo hununua chupa na vizibo kwa idadi ndogo, hivyo gharama kwa kila chupa huwa juu. Aidha, kaya hiyo haina fedha za matangazo wala magari ya kusambaza bidhaa. Mgeni anayefika mlangoni, akaonja na kununua, huiondolea familia mzigo wa kumtafuta mteja. Hapo ndipo ulipo uzito wa ziara hizi.

Yanayoonekana katika kiwanda cha familia

Ziara nzuri huanzia shambani na kumalizikia mezani. Shambani mgeni huonyeshwa jinsi mizabibu inavyotambazwa juu ya nguzo na nyaya, mahali ulipokatwa wakati wa kupogoa, na namna ya kupima sukari ya tunda kwa kifaa kidogo cha mkononi kabla ya kuamua siku ya kuvuna.

Katika chumba cha kazi, hatua hutofautiana kwa aina ya mvinyo. Kwa mvinyo mwekundu, zabibu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake, kwa kuwa rangi na ukali unaokausha ulimi hutoka kwenye maganda. Kwa mvinyo mweupe, juisi hutenganishwa na maganda kwanza, kisha ndipo huchachuliwa. Hamira hula sukari iliyomo katika juisi na kuibadilisha kuwa kileo na hewa ya kaboni. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya juisi hutoa asilimia moja ya kileo. Juisi yenye gramu 220 za sukari kwa lita hutoa mvinyo wenye kileo cha karibu asilimia 13, endapo sukari yote itachachuka.

Baada ya uchachuaji, mvinyo huachwa utulie ili mashapo yazame, kisha huhamishwa kutoka tangi moja kwenda jingine mara kadhaa hadi uwe angavu. Adui mkubwa katika kipindi hiki ni hewa. Tangi lisilojazwa hadi juu au lisilofungwa vizuri hugeuza mvinyo kuwa siki. Joto la Dodoma nalo ni changamoto, kwa kuwa uchachuaji unaofanyika katika joto kali hupoteza harufu nzuri ya tunda. Mgeni atakayeona matangi yamewekwa kwenye kivuli kizito, au yakipoozwa kwa maji, atambue kuwa mwenyeji wake anaijua kazi yake.

Kwa wastani, chupa moja ya mililita 750 huhitaji kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu ya zabibu. Kipimo hiki humsaidia mgeni kulinganisha bei ya chupa na bei ya zabibu shambani, na kuona kazi iliyofanyika kati ya hizo mbili.

Wakati wa kwenda na namna ya kufika

Miezi ya Agosti na Septemba inafaa zaidi kwa mgeni anayetaka kuona mavuno, kwa kuwa barabara za vijijini huwa kavu. Mapema mwezi Agosti pia hufanyika Maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Kati katika viwanja vya Nzuguni jijini Dodoma, ambako mgeni anaweza kukutana na wasindikaji wengi mahali pamoja na kupanga nao ziara. Hata hivyo, wakati wa mavuno familia huwa na kazi nyingi. Mgeni anayetaka mazungumzo marefu na utulivu wa kuonja afikirie miezi ya Mei, Juni au Novemba.

Kwa wasafiri wa kutoka Dar es Salaam na Morogoro, treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kutoa huduma hadi Dodoma mwaka 2024, imefupisha safari. Ni vema msafiri asichanganye majina. Makutupora inayotajwa katika ujenzi wa reli hiyo ipo Manyoni, mkoani Singida, wakati Makutupora yenye kituo cha utafiti wa zabibu ipo Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Kondoa. Maeneo mengine yanayofahamika kwa zabibu ni Hombolo, kaskazini-mashariki mwa Jiji, Bihawana, Mbabala na Mpunguzi kwa upande wa kusini na kusini-magharibi, na Wilaya ya Chamwino kwa upande wa mashariki.

Msindikaji mdogo hana mapokezi ya saa zote kama hoteli. Mgeni anapaswa kupiga simu siku kadhaa kabla, kueleza idadi ya watu atakaofuatana nao, na kuuliza kama kuna ada ya kuonja. Kundi la watu wanne hadi wanane hutosha; zaidi ya hapo mazungumzo hupotea na nafasi hubana. Taarifa za wasindikaji zinaweza kuulizwa katika ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) ya mkoa, kwa maafisa biashara na maafisa kilimo wa halmashauri, au katika ofisi za kata husika.

Mgeni anapoingia katika kiwanja cha familia anaingia nyumbani kwa watu. Salamu hutangulia shughuli, na neno la Kigogo “mbukwenyi”, linalosalimia watu zaidi ya mmoja, hupokewa kwa furaha. Wazee waliopo husalimiwa kwanza. Picha za watu, hasa za watoto, hupigwa kwa ruhusa.

Utaratibu wa kuonja

Kuonja si kunywa. Kiasi cha mililita 30 hadi 50 katika kila bilauri kinatosha kutambua tabia ya mvinyo. Utaratibu unaokubalika ni kuanza na mvinyo mweupe kabla ya mwekundu, mkavu kabla ya mtamu, na mwepesi kabla ya mzito. Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari yake karibu yote imechachuka. Mvinyo mtamu umebakiza sukari au umeongezewa utamu. Anayeanza na mtamu ataona mkavu ni mchungu kuliko ulivyo.

Hatua ni nne. Kwanza, mgeni hutazama rangi na uangavu mbele ya kitu cheupe. Pili, huzungusha bilauri taratibu na kunusa. Harufu ya tunda ni dalili njema, bali harufu ya siki, ya yai viza au ya kitambaa kilichovunda ni dalili ya kasoro. Tatu, huchukua funda dogo na kulizungusha kinywani kabla ya kumeza au kutema katika chombo kilichowekwa kwa ajili hiyo. Kutema si dharau kwa mwenyeji. Nne, huangalia ladha inadumu kwa muda gani baada ya funda.

Joto la mvinyo hubadilisha ladha. Mvinyo mweupe unafaa kunywewa ukiwa na nyuzijoto 8 hadi 12, na mwekundu nyuzijoto 15 hadi 18. Kwa kuwa mchana wa Dodoma huwa na joto zaidi ya hapo, hata mvinyo mwekundu unastahili kupoozwa kidogo. Mgeni asile pilipili wala kujipaka manukato makali kabla ya kuonja. Maji ya kunywa na kitu cha kutafuna, kama mkate au karanga zisizo na chumvi, husaidia kusafisha kinywa kati ya aina moja na nyingine.

Mgeni aeleze maoni yake kwa ukweli na kwa adabu. Msindikaji mdogo hana jopo la waonjaji, na mara nyingi maoni ya wageni ndiyo humsaidia kuamua kama apunguze utamu au abadilishe siku ya kuvuna. Wasiotumia kilevi nao wana nafasi katika ziara hii, kwa kuwa shamba, juisi ya zabibu na bidhaa nyingine za zao hilo zinatosha kuwapa elimu na burudani.

Kutambua mvinyo uliokidhi matakwa ya sheria

Udogo wa kiwanda hauondoi wajibu wa kufuata sheria. Kabla ya kununua, mwananchi anashauriwa kukagua mambo yafuatayo:

- Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 lina jukumu pia la usalama wa chakula.
- Stempu ya kodi ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) juu ya chupa.
- Kibandiko chenye jina la mtengenezaji, mahali ulipotengenezwa, kiasi cha kileo kwa asilimia, ujazo na namba ya toleo.
- Kizibo kisichovuja na chupa isiyo na dalili ya kufunguliwa na kufungwa tena.
- Risiti ya mauzo. Kauli ya “ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti” inahusu pia chupa inayonunuliwa kijijini.

Mvinyo unaouzwa katika chupa za maji au madumu bila kibandiko haumpi mnunuzi uhakika wa usalama wala wa kiasi cha kileo, na humdidimiza msindikaji jirani aliyegharamia vipimo na leseni. Anayetaka kweli kuiinua kaya ndogo anunue chupa iliyosajiliwa, hata kama bei yake ni ya juu.

Kununua na kuhifadhi

Bei ya chupa ya msindikaji mdogo isilinganishwe moja kwa moja na ya kiwanda kikubwa, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Kuuliza punguzo kwa anayenunua katoni nzima ni jambo la kawaida. Kulazimisha bei ya chupa moja si uungwana.

Chupa zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto husukuma kizibo na kuharibu ladha kwa saa chache. Nyumbani, chupa zenye vizibo vya gome zilazwe ubavu mahali penye giza na ubaridi. Zenye vifuniko vya kuzungusha zinaweza kusimamishwa. Mvinyo mwingi wa wasindikaji wadogo hutengenezwa ili unywewe mapema, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Chupa ikishafunguliwa irudishiwe kizibo, iwekwe katika jokofu na kumalizwa ndani ya siku tatu hadi tano.

Usalama

Dereva haonji. Kundi linalokwenda kwa gari binafsi limteue mapema asiyekunywa, au likodi gari lenye dereva. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na mtoto haruhusiwi kuuziwa kilevi. Wajawazito na watu wanaotumia dawa wapate ushauri wa mtaalamu wa afya na wajiepushe na kuonja. Mgeni asiingie peke yake katika chumba chenye matangi yanayochachuka bila kuelekezwa na mwenyeji, kwa sababu hewa ya kaboni hujikusanya chini na inaweza kumfanya mtu azirai.

Mwananchi anayepanga ziara katika mavuno ya Agosti na Septemba anashauriwa kuwasiliana na msindikaji angalau wiki mbili kabla na kuthibitisha tarehe, kwa kuwa siku ya kuvuna huamuliwa na kiwango cha sukari ya tunda na inaweza kubadilika kwa taarifa fupi.